Miche Iliyochomwa Mpakani: Sheria za Visumbufu vya Mimea Zilianzia Wapi?

Swali limetoka kwa mkulima wa parachichi mkoani Njombe. Anaeleza kwamba alinunua miche ya kubebesha nchi jirani, akaipakia kwenye gari, na alipofika mpakani wakaguzi wakaizuia kwa kuwa haikuwa na kibali wala cheti. Kesho yake ikachomwa moto yeye akiangalia. "Miche ilikuwa mizima, majani yanang'aa, hata mdudu mmoja hakuonekana," anaandika. "Nataka kujua: hizi sheria alizitunga nani, lini, na kwa faida ya nani? Au ni mabaki ya mkoloni tu? Na mbona hakuna fidia?"

Ndugu yangu, pole kwa hasara. Hilo la fidia nitaliacha mwisho, maana halieleweki bila hayo mengine. Kwa kifupi, sheria hizi hazikuanza na mkoloni, ingawa kwetu zililetwa naye. Karibu zote zilitungwa balaa likiwa limeshaingia. Na katika miaka hiyo 300 na ushei, zimefaulu pale zilipoziba njia ambayo ugonjwa unapita kweli. Zilipoziba njia nyingine, ziliwaumiza wakulima bure. Kipimo hicho ndicho nitakachokitumia hata kwa miche yako.

Sheria ya kale inayotajwa mara nyingi ni ya Rouen, Ufaransa, mwaka 1660, iliyoamuru kichaka cha barberi king'olewe karibu na mashamba ya ngano. Ushahidi wa hiyo ya Rouen ni mwembamba, kwa hiyo mimi huanza na ya Connecticut ya 1726, wakati Marekani ingali makoloni ya Waingereza. Massachusetts ikafuata katika miaka ya 1750, ikawapa wenye ardhi hadi 1760 wawe wamemaliza kung'oa. Rhode Island ikaja 1766.

Barberi ina miiba na vitunda vyekundu vichachu. Walowezi walikuwa wameipeleka huko wenyewe, kwa ajili ya uzio na jamu. Halafu wakaona kwamba ngano iliyo jirani na uzio ule ndiyo inayoshikwa kwanza na kutu ya shina. Ugonjwa huu ukiuona mara moja huusahau: bua linatoka vipele virefu vya rangi ya matofali, vinapasuka, vinamwaga ungaunga, na mtu akikatiza shambani anatoka na suruali nyekundu magotini. Punje zinasinyaa, unavuna makapi. Barberi inahusikaje hapo? Hakuna aliyeweza kueleza, na wasomi wengi wa mimea waliona ni imani tu za watu wa shamba. Ni 1865 ndipo Mjerumani Anton de Bary alipothibitisha kwamba kuvu wa kutu hiyo huishi sehemu ya maisha yake kwenye ngano na sehemu nyingine kwenye barberi. Sheria ilikuwa imeitangulia sayansi kwa karibu miaka 140, na ilikuwa sahihi. Walioitunga walikuwa wameiona njia, ila hawakujua ni kitu gani kinachopita.

Denmark ilitunga sheria yake ya barberi 1903. Marekani ilianza kampeni ya nchi nzima 1918 na ikang'oa mamia ya milioni ya vichaka, hadi watoto wa shule wakatumwa kuvisaka. Kutu kali za mara kwa mara zikapungua kule. Lakini angalia upande wetu: mwaka 1998 iligunduliwa Uganda aina mpya kali ya kutu hiyohiyo, ikaitwa Ug99. Kwetu ungaunga wake unapeperushwa na upepo kutoka ngano hadi ngano, wala hauhitaji uzio wa barberi. Hapo sheria ya kung'oa vichaka isingesaidia kitu. Kilichofanyika ni kutafuta mbegu zinazostahimili, na maelfu ya aina za ngano kutoka pande zote za dunia zikapelekwa Njoro, Kenya, kupimwa kwa ugonjwa wenyewe.

Sasa tuje kwenye kibali na cheti ulivyodaiwa. Hivyo vilianzia kwenye mizabibu.

Katika miaka ya 1860 mizabibu ya kusini mwa Ufaransa ilianza kunyauka kwa mafungu, kila mwaka fungu likitanuka. Watu waling'oa mashina yaliyokufa, wakayakagua, wasikute kitu. Mwaka 1868 mtaalamu wa mimea Jules Planchon na wenzake wakang'oa mzabibu uliokuwa bado hai, jirani na iliyokufa, na mizizi yake ikaonekana imefunikwa na vijidudu vya manjano ambavyo kimoja hakifiki milimita 1. Mdudu huyo, aitwaye filoksera, huondoka kwenye mzizi uliokufa na kuhamia ulio hai, ndiyo maana hawakuwa wakimwona. Alikuwa ametoka Marekani ndani ya miche hai iliyoagizwa na wapenda bustani na wafanyabiashara wa miche. Zamani safari ya tanga ilikuwa ndefu na wadudu wengi waliishia njiani. Meli za mvuke zikaikata safari hiyo, mdudu akafika mzima.

Ujerumani ilipiga marufuku miche ya mizabibu kutoka nje 1873. Ufaransa yenyewe ilitunga sheria zake 1878 na 1879, wakati mashamba mengi yalikuwa yameshakwisha. Septemba 1878 wajumbe wa nchi kadhaa za Ulaya walikutana Bern, Uswisi, wakasaini mkataba wa filoksera, ukafanyiwa marekebisho 1881. Ukiusoma ule wa 1881 leo utadhani umeandikwa na ofisi ya mpakani ulikosimamishwa. Mimea isiyo mizabibu ipite, lakini kwenye vituo vya forodha vilivyotajwa tu, iwe imefungwa vizuri, iwe na tamko la anayeituma na uthibitisho wa mamlaka ya nchi inakotoka. Cheti cha afya ya mimea cha leo kinatokana na karatasi ile.

Kuna kichekesho hapo ambacho mkulima wa miche ya kubebesha atakielewa haraka. Sheria hazikuiokoa mizabibu ya Ulaya. Kilichoiokoa ni kubebesha vikonyo vya zabibu za Kifaransa juu ya mashina ya mizabibu ya Marekani, ambayo mizizi yake imezoeana na mdudu yule. Lakini miche ya Marekani ndiyo iliyokuwa imepigwa marufuku, na katika wilaya ambazo mdudu alikuwa hajafika, mkulima hakuruhusiwa kuipanda mpaka mdudu aingie kwanza. Watu wakaingiza kwa magendo. Sheria iliyotungwa kuzuia ugonjwa ikawa inazuia dawa, na ilichukua miaka kuirekebisha. Nakueleza haya ili usidhani kwamba mtaalamu wa fani hii anaona kila marufuku ni sawa.

Miaka ileile ya 1870 serikali nyingine nazo zilikuwa mbioni. Ujerumani ilizuia viazi kutoka Marekani 1875 kwa hofu ya mbawakawa wa Colorado, na Uingereza ikatunga Sheria ya Wadudu Waharibifu 1877 kwa sababu ya mdudu huyohuyo. Walikuwa na haki ya kuogopa. Kumbukumbu ya ukungu wa viazi wa 1845 ilikuwa mbichi, ule ulioua watu wapatao milioni 1 Ireland kwa njaa na maradhi yaliyofuata.

Kahawa nayo ina kisa, tena kinatuhusu. Kutu ya majani ya kahawa ilionwa 1861 na msafiri Mwingereza kwenye kahawa ya porini karibu na Ziwa Victoria, haimsumbui mtu. Mwaka 1869 ikaonekana Ceylon, nchi tunayoiita Sri Lanka, ambako Waingereza walikuwa wamevisafisha vilima vizima kupanda kahawa peke yake. Katika miaka isiyozidi 20 biashara ile ikafa na mashamba yakageuzwa ya chai. Wadachi waliotawala Indonesia walipiga marufuku miche na mbegu za kahawa kutoka Ceylon mwaka 1877. Kutu ilikuwa imeshaonekana Sumatra na Java mwaka mmoja nyuma.

Marekani, ambayo ndiko filoksera na mbawakawa walikotoka, ilichelewa sana. Ilipofika 1898 Ujerumani ilizuia matunda na miche ya Marekani kwa sababu ya mdudu gamba wa San Jose, anayefyonza miti ya tufaha na pea hadi inakauka. Wamarekani walilalamika kwamba hicho ni kisingizio cha kulinda soko. Yawezekana vyote viwili vilikuwa kweli. Jimbo la California lilikuwa na sheria yake tangu 1881, lakini taifa zima halikuwa nayo, na mwaka 1904 ugonjwa wa chestnati kutoka Asia ukaonekana kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ukaanza kumaliza misitu ya mti ule mashariki yote ya nchi.

Kilichowaamsha viongozi ni zawadi. Januari 1910 ilifika Washington shehena ya miti 2,000 ya cheri za maua, zawadi ya jiji la Tokyo. Wakaguzi wakakuta wadudu, minyoo ya mizizi na magonjwa. Hebu fikiri ugumu wake: zawadi ya taifa rafiki, waandishi wa habari wanasubiri, mke wa Rais mwenyewe ndiye aliyekuwa akiitaka. Rais Taft alikubali ichomwe, na ikachomwa. Wajapani hawakununa. Waliandaa miti mingine 3,020 kwa uangalifu zaidi, ikafika Machi 1912 ikiwa safi, na hiyo ndiyo iliyopandwa. Agosti mwaka huohuo Marekani ikapata Sheria ya Karantini ya Mimea. India chini ya Waingereza ikapata yake 1914.

Ya kimataifa nitayapita haraka, maana yamejaa vikao. Rome 1929 kulikuwa na mkataba wa kulinda mimea, nchi chache zikajiunga. Mwaka 1951 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ikapitisha Mkataba wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mimea, ambao ndio unaotumika hadi leo baada ya marekebisho, makubwa zaidi yakiwa ya 1997. Mwaka 1995 Shirika la Biashara Duniani likaweka makubaliano yanayomtaka anayezuia mazao ya mwenzake aonyeshe ushahidi wa kisayansi, ili ugomvi wa aina ya ule wa 1898 upate pa kuamuliwa. Matunda ya mikataba hiyo unayakanyaga kila siku. Paleti za mbao zilizotoka ng'ambo zina mhuri uliounguzwa wenye alama ya suke na herufi HT, maana yake mbao ile ilipashwa joto hadi nyuzi 56 katikati yake kwa dakika 30 ili kuua wadudu waliojificha ndani.

Haya, mkoloni.

Hapa nakupa haki nusu. Kenya na Uganda zote zilipata sheria za hifadhi ya mimea 1937, na Kenya iliendelea kuitumia ileile miaka mingi baada ya uhuru. Shabaha kubwa ilikuwa kulinda mazao ya kuuza nje. Na hoja ya ugonjwa ilitumika vibaya. Kenya, hadi miaka ya 1930, Mwafrika alizuiwa kulima kahawa ya arabika, na sababu mojawapo iliyotolewa na walowezi ni kwamba vishamba vidogo vitakuwa maficho ya wadudu na magonjwa yatakayoingia kwenye mashamba yao. Kilimanjaro walowezi walisema hivyohivyo, ila Wachagga walikuwa wameshapanda. Chama chao cha wakulima wa kahawa, kilichoanzishwa 1925 chini ya kina Joseph Merinyo, kilijibu kwa vitendo: kilisimamia upigaji dawa kwenye vihamba na kuwapatia wanachama mabomba. Hiyo njia ya ugonjwa waliyodai walowezi ilikuwa inazibika kwa pampu, haikuhitaji marufuku.

Lakini usitupe kila kitu. Wewe ni mtu wa Nyanda za Juu Kusini, umewahi kusikia kwamba pamba ilipigwa marufuku huko kwa miongo mingi. Wengi hudhani ni uonevu. Sababu ni funza mwekundu, aliyekuwepo nchi za kusini yetu na ambaye hula pamba na jamii zake za karibu tu. Palipo na ukanda mpana usio na pamba, hana cha kula wala pa kuvukia. Ilikuwa sheria kali kwa mkulima wa Chunya, sikatai, lakini ilikaa mlangoni kabisa. Vivyo hivyo amri ya kung'oa na kuchoma maotea ya pamba kila mwisho wa msimu huko Kanda ya Ziwa: wadudu wengi wa pamba huvuka kiangazi ndani ya masalia, na anayeyaacha anawafugia majirani.

Bara la Afrika lilitia saini mkataba wake Kinshasa 1967. Kabla ya hapo kituo cha Muguga, nje kidogo ya Nairobi, kilikuwa kikipokea mimea ya kigeni kwa niaba ya Afrika Mashariki na kuiotesha kwa kutengwa kabla ya kuiachia. Kenya iliunda KEPHIS, shirika lake la ukaguzi wa afya ya mimea, 1996. Tanzania ilitunga Sheria ya Hifadhi ya Mimea 1997, kisha Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 iliyoleta mamlaka ya sasa, TPHPA, yenye makao Arusha. Zanzibar ina sheria yake.

Na je, gharama ya mlango kuachwa wazi tumeiona? Waulize wazee wa Tabora. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingia dumuzi, mdudu wa Amerika ya Kati, inaelekea ndani ya mahindi ya msaada. Wakulima walimbatiza Scania, jina la yale malori makubwa. Fukusi wa kawaida anatoboa punje moja moja. Dumuzi anaingia kwenye gunzi zima: unachukua hindi ghalani linaonekana zima, ukilibonyeza linamwaga unga mkononi. Ilipofika 1983 alikuwa Taveta, Kenya. Mahindi ya msaada yalikuwa yanakuja watu wana njaa, na ni nani angesimama bandarini kuyarudisha? Sheria ilikuwapo kwenye vitabu. Tangu hapo tumepokea nzi wa matunda wa Asia 2003 na viwavijeshi vamizi 2017. Huyo nzi unapaswa kumjua vizuri, maana kwa ajili yake Afrika Kusini ilifunga soko kwa parachichi za Kenya 2007, na zaidi ya miaka 10 ikapita kabla halijafunguliwa tena.

Sasa miche yako. Umesema hapakuwa na mdudu, na mimi nakuamini. Mkaguzi anapochukua mche wa parachichi hutazama chini ya majani kwa lenzi, akitafuta wadudu gamba na mayai ya inzi weupe. Huchana kiriba, akakung'uta udongo, akaosha mizizi ndani ya ndoo, akaipapasa kama ina vifundo vya minyoo. Ncha za mizizi zikiwa nyeusi na zinavunjika kirahisi, anashuku kuoza kwa mizizi kunakoletwa na fitoftora, kimelea anayefanana na kuvu, ambaye husafiri na ule udongo wa kiriba. Mpaka hapo bado anategemea macho. Upo ugonjwa mwingine wa parachichi, wa viroidi (kimelea kidogo hata kuliko kirusi), unaochora michirizi ya njano kwenye matunda na matawi. Hauna tiba. Unapita kwenye mbegu na kwenye kikonyo cha kubebeshea, na mti mama unaweza kuwa nao maisha yake yote bila kuonyesha dalili. Majani yanang'aa vilevile. Bila cheti kinachosema vikonyo vilitoka mti gani na ulipimwa vipi, mkaguzi hana namna ya kujua, na miche yenye udongo ndiyo hasa njia ambayo magonjwa haya hupita. Kwa kipimo nilichokipa mwanzoni, sheria hapo ilisimama pahala pake.

Fidia ndiyo sehemu ambayo nadhani sheria nyingi bado zina kasoro. Ile ya Uingereza ya 1877 iliruhusu kumlipa mkulima ambaye zao lake limeharibiwa kwa amri, kwa sababu iliyo wazi: mtu akijua kwamba kuripoti ni kufilisika, ataficha. Florida walijifunza hilo kwa gharama kubwa. Kuanzia 2000 walikata kila mchungwa, mlimao na jamii yake iliyo ndani ya futi 1,900, kama mita 580, kutoka mti wenye ugonjwa wa vidonda vya michungwa, hata uani kwa watu. Kwa mti wa kwanza mwenye nyumba alipewa vocha ya dola 100 ya kununulia dukani. Watu walikwenda mahakamani, na kesi za fidia ziliendelea miaka mingi. Kumbe vimbunga vya 2004 na 2005 vilikuwa vinasambaza bakteria mbali kuliko shoka linavyoweza kuwahi, na Januari 2006 kampeni ikafutwa.

Lakini fidia ya mti uliokuwa shambani kwako kihalali ni tofauti na ya mzigo ulioingia bila kibali. Huo wa pili sioni wapi utaudai. Ulichokuwa na haki nacho, na ambacho katika barua yako hukukitaja, ni maandishi: karatasi inayosema nini kilizuiwa, kiasi gani, kwa kifungu kipi, na kiliteketezwa vipi. Kama hukupewa, rudi ukaiombe. Na ukitaka kuagiza tena, omba kibali cha kuingiza mimea TPHPA kabla hujalipa hata senti kwa muuzaji. Kibali kitaorodhesha masharti, nawe umpelekee muuzaji ili mamlaka ya nchi yake imkague kwa masharti hayo na kumpa cheti. Ikiwezekana agiza vikonyo kutoka mti uliopimwa, ubebeshe mwenyewe juu ya miche uliyootesha Njombe. Vikonyo havina udongo, mzigo wa mamia unaenea kwenye boksi moja, na fitoftora anabaki kwao.